Paji Langu Silifuniki

Madam Ruth alishuka kwenye bodaboda mbele ya uga wangu hapa Mkongani mwezi uliopita, amejifunga kitambaa kichwani mpaka karibu na nyusi, nikamjua kabla hajavua miwani. Uzee umempunguza kimo. Zamani, alipokuwa msimamizi wa wahudumu katika hoteli moja kubwa ya Diani, sisi wasichana tuliokwenda kuomba kazi tulimtambua kwa mlio wa viatu vyake kabla mlango haujafunguliwa. Sasa alivaa ndara. Nikampa kiti, nikampa maji, nikamwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa wangu, si kwa sababu nimesahau. Akaitikia marahaba, akatia mkono kikapuni, akatoa kitu kilichojikunja, kikavu kama mzizi, akakiweka mezani kikagonga ko! Ulikuwa mkanda wa ngozi mbichi, ule ambao sisi Wakamba twauita mukwa: mwanamke huufunga kwenye mzigo mgongoni, akaupitisha kwenye paji la uso, akashika njia. "Ulikuwa wa mama yangu," akasema. "Umekaa darini tangu tumzike. Kila ninayemuuliza aniambia ni wewe tu bado unalainisha." Nikautazama mkanda, nikakitazama na kile kitambaa, na hasira zikanipanda vilevile kama siku ile, utadhani ni jana.

Habari za wazazi wangu siziandiki hapa. Wamelala, waacheni walale. Naandika mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka kumi na tisa, niliposhuka kutoka kwenye mashamba yetu ya skimu, yale serikali iliyowagawia watu wa bara huku, hadi Ukunda kutafuta kazi ya hoteli. Kila msichana wa bara aliyeishi huku aliota ndoto hiyohiyo: yunifomu iliyopigwa pasi, taa ya umeme, chakula cha mchana usichokipika. Mimi nami niliitaka, tena niliitaka kwa meno. Nilikuwa nimebeba kuni na maji kwa mkanda tangu nikiwa mdogo, na katikati ya paji langu palikwishaanza kuingia ndani, mfereji mdogo ambao maji ya kunawa yalikuwa yakiufuata yanaponiteremka usoni. Nilisema moyoni, nikipata hoteli, mzigo basi tena.

Nilifikia kwa Mwaitu Kalondu. Mwaitu ni mama kwa lugha yetu, na ingawa hakunizaa nilimwita hivyo mpaka alipokufa. Alikuwa amepanga chumba cha mwisho katika nyumba ya Bi Mwanamisi, nyumba ya Kidigo yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Kuta zilikuwa hazifiki juu. Zilikoma njiani, halafu mabati, kwa hiyo kikohozi cha mmoja kilikuwa cha wote, na ugomvi pia, na harufu. Harufu yetu ndiyo iliyokuwa taabu. Mwaitu Kalondu alikuwa akilainisha ngozi za ng'ombe na kutengeneza mikanda ya kubebea, akiwauzia wanawake wa bara waliotapakaa kuanzia Tiwi mpaka Msambweni. Ngozi zilining'inia nyuma ya mlango, nyingine imelowekwa kwenye karai chini ya kitanda tulicholalia sote wawili. Usiku wa kwanza nilimsikia Bi Mwanamisi upande wa pili wa ukuta akimwambia mgeni wake, "Hawa watu wa bara, yakhe, siwaelewi. Wazila hizi ngozi ama walalia?" Mgeni akacheka. Mwaitu akajibu kwa sauti ileile ya kawaida, bila hata kugeuka kitandani, "Twalalia, Bi Mwanamisi. Ukitaka nitakukatia mto." Vicheko vikaanza upya juu ya ukuta, na safari hii walicheka watu watatu, Mwaitu akiwamo.

Ndivyo walivyoishi wale wanawake wawili, kwa kurushiana maneno juu ya ukuta. Bi Mwanamisi alikuwa mama wa makamo, mnene, mswalihina. Kwenye paji lake alikuwa na sijida, ile alama nyeusi ya mtu anayesujudu sana, naye alijifunga ushungi kwa namna ya kuiacha ionekane. Aliruhusu ngozi nyumbani mwake kwa masharti yake. La kwanza, iwe ya mnyama aliyechinjwa. "Kibudu hakiingii kwangu, Kalondu, nishakwambia. Ng'ombe aliyejifia mwenyewe, ngozi yake ipeleke kwenu." Ngozi mpya ikiletwa, alitoka uani akasimama mikono kiunoni, akauliza imetoka bucha gani na nani alishika kisu, na Mwaitu alijibu kila swali mpaka mwenyewe aridhike. La pili lilikuwa mafuta. Kwetu ngozi hulainishwa kwa mafuta ya ng'ombe, na jua la Ukunda likiyapata mafuta hayo hata paka huhama. Siku moja Bi Mwanamisi alishindwa kuvumilia. Akaja na bakuli la mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akalitua mlangoni petu. "Pakeni haya. Mwaniulia nyumba kwa uvundo!" Mwaitu alinung'unika kutwa nzima kwamba nazi ni ya kupikia wali. Kesho yake akajaribu kwenye kipande kidogo, akakinusa, akakikunja, akakinusa tena. Hakusema lolote, lakini mafuta ya ng'ombe hayakununuliwa tena.

Watu hudhani ngozi mbichi hulainishwa na mafuta. Si kweli. Mafuta ni msaada tu. Kinacholainisha ni kutoiacha ipumzike. Ukiiloweka ngozi ikalegea, ukaikwangua manyoya na mabaki ya nyama, ukaikata mkanda, halafu ukaianika ukaenda zako, jioni utakuta ubao. Lazima ikauke ikiwa mikononi mwako. Unaivuta kwenye nguzo, huku na huku, huku na huku, unaisokota kwa kijiti, unaifungua, unaitwanga kwa mchi taratibu, unaipaka mafuta, unarudi kwenye nguzo. Mikono ikichoka, ngozi haijui. Nguzo ya baraza ya uani kwa Bi Mwanamisi tuliisugua mpaka ikaingia kiuno, naye akasema siku nyumba ikituangukia tutajua wenyewe. Nilikuwa nikivuta asubuhi baada ya chai ya rangi na mahamri ya jana, nikivuta adhuhuri watu wakienda kuswali, nikivuta jioni harufu ya samaki wa kupaka ikipita juu ya ukuta na sisi chunguni tuna mahindi na kunde tu. Na huku navuta, nikisikiliza. Kiswahili changu nilikipata kwenye nguzo ile. Nilipokosea, Bi Mwanamisi aliniita dirishani: "We Katunge! Hatusemi hivyo. Sema tena." Nikasema tena.

Mkanda wangu wa kwanza niliuharibu kwa ujinga wa mtu wa bara. Kwetu maji ni maji, ukiyapata unashukuru. Mwaitu alikuwa ameniambia niloweke ngozi kwa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye pipa, mimi nikayaonea huruma, yalikuwa yakipungua, nikateka ya kisima kilichokuwa upande wa pwani. Kisima kile kina chumvi kidogo, hata chai yake waijua kwa ladha. Niliuvuta mkanda ule mpaka viganja vikachubuka, ukatoka laini kabisa, ukawa wapita katikati ya vidole kama kanga. Nikampelekea Mwaitu kwa mbwembwe. Hakuupima kwa mkono. Alinifungia mzigo wa kuni uani, akaupitisha mkanda ule kwenye paji langu, akaniambia nitembee mpaka langoni na kurudi. Chumvi hunyonya jasho, mkanda huota unyevu, kisha kingo zake hukakamaa na kukwaruza. Sikuwahi kufika langoni. Nilirudi nalia, damu yanichuruzika nyusini. Bi Mwanamisi dirishani akasema, "Lo! Mwabeba kama punda, na bado mwajikata?" Mwaitu alinipangusa, akanipaka mafuta ya nazi, akasema neno ninalowaambia wote ninaowafundisha: mkono ni mwongo, paji ndilo lisemalo kweli. Ndiyo maana hakuwahi kumpa mteja mkanda wake mpaka mwenyewe auvae pale pale mbele yake, utosi wazi. Mwanamke hata angekuwa na haraka namna gani, Mwaitu alimwambia, "Vua kitambaa. Ngozi haitoki hapa bila paji."

Basi siku ya hoteli ikafika. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha na wageni walikuwa wakija kwa wingi, hoteli ikataka wahudumu wa chumba cha kulia. Bi Mwanamisi alinipigia pasi gauni mwenyewe, akanisomea dua nami Mkristo, nikaitikia amina. Mwaitu akanipaka mafuta miguuni. Kule hotelini tuliingia kwa mlango wa nyuma, tukakalishwa katika chumba cha shuka, chumba kizima kimejaa weupe na harufu ya sabuni, pasi kubwa ya mvuke ikikoroma pembeni. Tulipewa wali na kuku. Nilikula wote, nikatafuna na mfupa. Sikuwa na kiburi cha tumbo, hilo lijulikane. Kisha nikaitwa kwa Madam Ruth. Alikuwa mwanamke mrefu, yunifomu imemkaa, kitambaa cha buluu kichwani kimebanwa chini sana. Akaniambia nibebe sinia la glasi, nikalibeba. Akaniambia nimkaribishe kana kwamba ni mgeni, nikamkaribisha. Akatabasamu. "Kiswahili chako ni safi. Umekitoa wapi?" Nikasema, Ukunda, uani kwa Bi Mwanamisi. Akaandika kitu. "Kazi umepata," akasema. Halafu akainyoosha kalamu, akanigusa nayo hapa, katikati ya paji. "Ila hii tutaifunika. Utafunga kitambaa cha yunifomu kama mimi, chini kidogo, kila siku. Na mizigo ya kule kwenu usibebe tena, isije ikazidi."

Nikamuuliza kwa nini. Hakukasirika. Akasema wageni watauliza, watanipiga picha kama mnyama wa mbugani, na wenzangu watanicheka mpaka nikome. Kisha akainuka akafunga mlango, na alipofungua kinywa tena alikuwa akisema Kikamba, Kikamba cha nyumbani kabisa, cha jikoni. Akakipandisha kitambaa chake. Jamani! Alama yake ilikuwa ya kina kuliko yangu mara mbili. Alikuwa amebeba huyu, alikuwa amebeba hasa. "Miaka yote niliyokaa hapa hakuna ajuaye," akaniambia. "Si meneja, si wapishi. Wanadhani mimi ni wa Nairobi. Unaona nilipofika? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu." Akanitilia kitambaa kipya mkononi. Mpaka leo nakumbuka ulaini wake. Angenitukana, labda ningekifunga tu, nikale kuku. Lakini alikuwa akinihurumia, na akijihurumia, na nikamwona moyoni mama yake kule mashambani, aliyembebesha mtoto mzigo wa kwanza na kumchagulia mkanda usiomkata, sasa amefanywa siri chini ya kitambaa cha buluu. Damu ikanichemka. Nikakikunja kitambaa vizuri, nikakiweka mezani. "Madam, mimi nimeinama tangu nijue kutembea, ndiyo maana nina hii alama. Paji langu silifuniki." Akakishusha chake haraka, akarudi kwenye Kiswahili. "Toka. Kiburi hakiliwi."

Nilirudi Ukunda kwa miguu, na njiani kiburi kilinishuka chote, nikabaki na njaa ya kesho. Mwaitu alipopata habari hakunipongeza, msidhani. "Asi! Nimekufundisha ngozi upate chakula, nawe waitumia kukataa chakula? Kitambaa, Katunge! Kitambaa tu! Kingekupunguzia nini?" Aliupakua mlo wangu kwa kishindo, mahindi yakaruka nje ya sahani. Nilijaribu kujieleza, nikashindwa. Akasema wasichana wenye akili wataingia wao, na mimi nitazeeka na kuni mgongoni. Alikuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa amenilisha miezi yote ile akitumaini. Nikalia juu ya ile sahani. Ndipo sauti ikapita juu ya ukuta: "Kalondu! Mwache mtoto ale." Kisha hodi, na Bi Mwanamisi huyo mlangoni, ushungi begani, kwa mara ya kwanza kuingia chumbani mwetu na zile ngozi zote. Aliketi kitandani. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye taa ya koroboi, akaweka kidole kwenye mfereji wangu, halafu akakiweka kwenye sijida yake. "Hii nimeipata kwa kusujudu. Akija mtu aniambie niifunike nipate kazi, wallahi nitamtoa kwa mwiko. Hiyo yako umeipata kwa kubeba. Sasa kosa lake ni lipi?" "Kula," Bi Mwanamisi akaniambia. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini mwabeba kama punda, hilo sijaliondoa." Mwaitu alicheka ingawa hakutaka, na usiku ule tulilala hatujagombana tena.

Sitawadanganya kwamba mambo yalininyookea. Wenzangu walioingia hoteli walijenga nyumba za mawe, mimi nikaolewa huku Mkongani nikalima na kulainisha ngozi. Zimepita siku nimeitamani kazi ile, siku za kiangazi nimeutamani hata ule wali wao. Kulifunika paji, hapana. Hilo sijalitamani hata siku moja, na mjukuu wangu aliponipiga picha kwa simu yake na ile simu ikanilainisha uso mpaka nikawa yai, nilimwambia airudie, la sivyo alale na njaa. Wanawake wanaobeba kwa mkanda wamepungua, wengi sasa wana toroli au bodaboda, sawa, nawafurahia. Lakini asije mtu kuniambia kilichonipa maji na moto ni aibu.

Huo mkanda wa mama yake Madam Ruth niliupokea. Ngozi haina kosa. Niliuloweka kwa maji ya mvua, pole pole, maana ngozi kuukuu ukiikimbiza hupasuka, nikaupaka mafuta ya nazi, nikaupeleka kwenye nguzo ya jiko langu nikauvuta. Katikati yake palikuwa peusi kuliko kwingine, jasho la paji la yule mama, na hapo ndipo palipokuwa pa mwisho kulegea. Nilisikia uchungu, sifichi. Niliongea nao ule mkanda kama mwendawazimu. Ulipokuwa tayari nikampigia simu, akaja, na bodaboda ileile ikasimama kumngoja. Akanyoosha mkono. Sikumpa.

"Ngozi haitoki hapa bila paji," nikamwambia.

"Nauona ni laini, Katunge. Niushike tu."

"Mkono ni mwongo. Vua kitambaa."

Akatazama barabarani. Watoto wa shule walikuwa wakipita, na jirani yangu alikuwa anaanika mahindi. "Hapa hapa uani? Twende basi ndani."

"Hapa hapa. Mimi ulinigusa kwa kalamu mchana kweupe."

Nilidhani ataondoka, na nilikuwa tayari aondoke. Ningeuning'iniza mkanda wa mama yake jikoni kwangu, ukakaa na wenziwe. Kisha mikono yake ikaenda nyuma ya kichwa, fundo likamshinda, nikamfungulia. Nywele zilikuwa nyeupe pe. Alama ilikuwa pale pale, ngozi yake nyororo na ya rangi ya kahawia hafifu, kwa kuwa haikuwa imeona jua miaka yote hiyo. Nikaupitisha mkanda, nikazishika ncha zote mbili nyuma ya kisogo chake, nikavuta kwa uzito wa mzigo wa kuni. Ukaingia kwenye mfereji ukatulia. Akafumba macho.

"Wakata?" nikamuuliza.

"Haukati," akasema. Akasema tena kwa Kikamba, si kwangu.

Alipopanda pikipiki, mkanda ameupakata, yule kijana wa bodaboda alimgeukia akamwona, akashtuka. "Bibi, umeumia hapo kichwani?"

"Sijaumia," Madam Ruth akamjibu, sauti yake ile ya zamani, ya hotelini. "Nilikuwa nabeba kuni. Twende, pitia sokoni."

Kitambaa chake alikiacha kwenye kiti. Nilikitunza kidogo, nikidhani atakirudia. Hajakirudia, na sasa nakipangusia mafuta ya ngozi.